Amepokelewa

Bi Muhuri alikuwa anafua nguo za wafungwa nyumbani kwake, kwa sabuni yake, na jambo hilo liliwaudhi wakubwa wake kuliko wizi wa stoo. Mtu akiingia gerezani huvuliwa nguo alizokuja nazo, zikatiwa kwenye mfuko wenye namba, mfuko ukasukumwa kwenye rafu ya chumba cha mapokezi. Siku ya kutoka anarudishiwa mfuko wake. Nguo iliyokaa miaka kumi kwenye mfuko hata panya anaipita mbali. Basi wiki moja kabla ya mtu kutoka, Bi Muhuri alibeba mfuko kwenda nao kwake, akafua, akapiga pasi, akashona vifungo vilivyolegea. Mkuu wa gereza alimwandikia barua mbili za onyo kwa kutoa mali ya mfungwa nje ya ofisi. Alizipokea, akazifungulia jalada, akaendelea kufua.

"Kitu cha mtu kirudi kwa mtu," alisema. "Na kirudi kikiwa kitu, si uvundo."

Alikuwa na miaka ishirini na minane kwenye dawati la mapokezi, na minne tu imebaki kabla ya kustaafu, nasema miezi, si miaka. Mjane, hana mtoto, mguu wa kushoto umevimba kwa kukaa. Muhuri wa mapokezi aliuning'iniza kiunoni kwa kamba ya kiatu, maana uliwahi kuibwa na mfungwa aliyejipigia ruhusa ya kutoka mwenyewe. Ndiyo sababu ya jina. Kando ya dawati lake paliwekwa benchi fupi la mbao, na juu ya benchi hilo nimeona watu wazima wakitetemeka kwa kuogopa kutoka kuliko walivyoogopa kuingia. Aliwaacha wakae mpaka wa kuwachukua afike, hata kama ni jioni. Hakuna kanuni iliyotaja benchi. Lilikuwa benchi lake tu.

Mimi ni afisa probesheni. Ofisi yetu inatazamana na geti la gereza, ng'ambo ya barabara. Kazi yetu ni kumtafutia anayetoka mtu wa kumpokea, kisha kumfuatilia asirudie makosa. Nisiwadanganye, mimi humu si mwema. Aliyekuwa mwema ni yeye, na mnaona wenyewe yalimfikisha wapi.

Mwaka wake wa mwisho kazini Bi Muhuri aliumaliza kwa mtu mmoja, tuliyemwita Mzee Kesho. Mzee huyu alimpiga mkewe hadi akafa, wakati binti yao wa miaka tisa amejibanza nyuma ya mlango. Mahakama ikasema hakukusudia. Akafungwa, na kwa makosa ya utovu wa nidhamu aliyoyaongeza humo ndani ikatimia miaka kumi na tisa. Miaka minne ya mwisho akili ilimtoka. Kila asubuhi aliuliza, "Natoka lini?" Askari wakamjibu, "Kesho," wakicheka. Naye akasema, "Basi niwahi kulala." Alisahau jina lake, akasahau alichofanya, ambacho ndicho alichostahili zaidi kukikumbuka. Kitu kimoja tu hakukisahau: hesabu. Askari akipiga filimbi, Mzee Kesho alikuwa wa kwanza kuchuchumaa, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti, akingoja kuhesabiwa.

Mtu wa namna hiyo ukimtoa getini peke yake umemtupa. Bi Muhuri alilijua hilo. Ndugu wote walikataa. Akabaki binti, ambaye sasa alikuwa anafua mashuka hospitalini. Nilikwenda kwake mara moja, akanifungia mlango usoni, nikaandika "amekataa" nikaenda kula. Bi Muhuri alikwenda mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja nilikuwepo, maana aliniburuta.

"Mama, unajua alichofanya?" binti aliuliza, mikono yake imebabuka kwa dawa ya mashuka.

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwandikisha siku aliyoletwa."

"Sasa unanitaka nini?"

"Sikuombi umpende. Nakuomba uje getini."

"Zamu yangu inaisha saa nane kasorobo. Siwezi kabla ya saa nane. Na atakaa chumba cha uani. Na sitamwita baba."

"Mwite unavyotaka. Saa nane njoo. Mimi nitamweka kwenye benchi langu tangu asubuhi."

Kwa furaha nikarudi ofisini, nikachukua fomu ya kutoka ya Mzee Kesho. Fomu hiyo ina visanduku vitatu: Magereza, Probesheni, Ustawi wa Jamii. Kwenye kisanduku chetu nikaandika AMEPOKELEWA, nikagonga muhuri wetu. Kwetu sisi neno hilo maana yake familia imekubali. Nikaipeleka Ustawi, nao wakagonga muhuri wao: AMEPOKELEWA. Kikabaki kisanduku cha Magereza.

Alikuwa atoke siku ya Alhamisi. Jumatatu ikaja barua. Mafunzo ya pamoja kwa watumishi wa magereza, probesheni na ustawi wa jamii, siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, mada: Kumpokea Anayerudi. Kila dawati la mapokezi litoe mtu. Bi Muhuri alikwenda kwa mkuu wa gereza, nami nilikuwa nimekaa humo nikisubiri kusainiwa barua.

"Afande, Alhamisi ninatoa yule mzee. Naomba aende msaidizi wangu kwenye semina."

"Barua imetaja mkuu wa dawati. Wewe ndiye mkuu wa dawati."

"Basi mzee atoke Jumatatu."

"Kifungo kinaisha Alhamisi. Nikimzidisha siku moja nitashtakiwa mimi. Na kutoka ni saa tatu asubuhi, usiniletee habari za benchi." Kisha akacheka. "Bi Muhuri, unakwenda kufundishwa jinsi ya kupokea watu, unalalamika nini?"

Jumanne jioni alimfundisha msaidizi wake: mzee akae benchini, apewe maji, asitoke mpaka binti afike. Na kwa kuwa muhuri haukuwahi kubanduka kiunoni mwake, naye hangekuwepo, akafanya kosa lake la kwanza katika miaka ishirini na minane. Aligonga muhuri kabla ya tendo. Kwa Magereza, AMEPOKELEWA maana yake mtu amekwisha kukabidhiwa kwa aliyekuja kumchukua, mkono kwa mkono. Yeye akaugonga mzee angali selo. Suruali ya mzee ilikuwa tayari juu ya dawati, imefuliwa. Ilikuwa inampwaya, mzee amebaki mifupa, hivyo aliipunguza kiuno, na uzi mweusi ulipomwishia akamalizia na wa buluu.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa chuo, mwendo wa nusu saa kutoka gerezani. Mwezeshaji tulimwita Tuko Pamoja, maana kila baada ya sentensi mbili aliuliza, "Tuko pamoja?" na watu wazima wenye wajukuu wakaitikia kama chekechea. Nilichaguliwa mwenyekiti wa darasa. Nilifurahi, kwa nini nikatae? Kazi ya kwanza ya mwenyekiti ilikuwa kukusanya simu zote, tusisumbuliwe. Nilizitia kwenye kikapu cha mpishi wa chuo. Na tukapitisha sheria: atakayesimama bila ruhusa ataimba mbele ya darasa.

Bi Muhuri aliweka simu yake ya vitufe juu ya zile za kioo. "Hiki kikapu cha nani?"

"Cha mpishi."

"Usisahau kumrudishia."

Alhamisi, saa nne asubuhi, mlango ukafunguliwa, akaingia msaidizi wa Bi Muhuri. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kupiga picha na viti kumi vilikuwa wazi, kwa hiyo mkuu alipigiwa simu aongeze watu. Bi Muhuri alimwita kwa mkono, macho yamemtoka pima.

"Umemwacha nani?"

"Tulia, mama. Nimemkabidhi askari wa geti fomu na mzee pamoja. Fomu ina mihuri yote mitatu, haina shida."

Akatulia. Namwonea huruma kwa kutulia kule. Alikuwa ameamini karatasi maisha yake yote, na fomu kamili kwake ilikuwa sawa na mlango uliofungwa vizuri. Wageni walikuja, tukapigwa picha, tukala. Mvua ikaanza.

Saa saba Tuko Pamoja akagawa kadi za rangi. "Kila mmoja aandike: kazini kwako, neno AMEPOKELEWA maana yake nini? Tuko pamoja?" Tukaandika, tukabandika ukutani, akaanza kusoma. Probesheni: familia imekubali. Magereza: amekabidhiwa kwa aliyemfuata. Kisha akasimama afisa wa Ustawi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, akaeleza ya kwao: jalada limeingia masjala.

"Jalada tu?" mtu akauliza.

"Jalada tu."

"Hata mwenyewe akiwa amekufa?"

"Akifa ni yeye. Jalada limepokelewa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu walishika mbavu, wengine wakagonga meza. Miaka yote tumetumiana neno moja, na kila mtu na lake! Tuko Pamoja alifurahi mno, akasema hii ndiyo faida ya kukaa pamoja, akaomba makofi. Nilipiga makofi mimi. Nilipogeuka nikamwona Bi Muhuri amesimama.

Hakucheka. Alikuwa amekwisha kuiona ile fomu kwa macho ya askari wa geti: AMEPOKELEWA, AMEPOKELEWA, AMEPOKELEWA. Askari aliyeachiwa mzee na karatasi hiyo amzuie kwa lipi? Atafungua geti.

"Mwenyekiti, naomba simu yangu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Binti alikuwa bado anakunja mashuka.

"Mapumziko ni saa tisa, mama."

"Naomba sasa hivi. Kuna mtu wangu."

"Aimbe!" mmoja akapiga kelele huko nyuma. "Kasimama bila ruhusa!" Darasa zima likadaka: "Aimbe! Aimbe!"

Ningeweza kumpa. Kikapu kilikuwa miguuni pangu. Lakini nilikuwa mwenyekiti kwa siku ya pili tu na nilipenda kutiiwa. Nikasema, "Sheria ni msumeno, mama," watu wakacheka, nikajiona hodari wa maneno.

Akaenda mbele. Mama wa miaka hamsini na tisa, magwanda yamepigwa pasi, mguu umevimba. Aliimba mistari miwili ya wimbo wa kubembelezea mtoto, sauti ikamkauka. Wakamlazimisha arudie kwa kucheza. Akarudia, akicheza kidogo, mabega tu, huku ananitazama mimi. Kisha akanyoosha mkono.

"Nimeimba. Nipe simu."

"Kuimba ni adhabu, si nauli," nikamwambia. Ukumbi ulivunjika mbavu. Hilo nalikumbuka neno kwa neno, na sijawahi kusema jambo lingine lililochekwa vile.

Saa tisa nikampa. Alipiga akiwa amesimama palepale mbele yangu, na simu zile za vitufe husikika hata nyumba ya pili.

"Mzee Kesho?" askari wa geti akajibu. "Katoka saa tatu, mama. Fomu imekamilika."

"Na binti yake?"

"Kaja saa nane. Nimemwambia mzee wake ameshapokelewa, akaenda zake."

"Amepokelewa na nani?"

"Si nyinyi?"

Akaniomba gari la probesheni, funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia gari limepangiwa kumpeleka mwezeshaji nyumba ya wageni. Ilikuwa kweli, kwenye ratiba imo. Akatoka kwa miguu kwenye mvua.

Alikwenda stendi, akaenda hospitali, akaenda polisi, wakamuuliza mzee amepotea kwa saa ngapi, wakamwambia arudi kesho. Alikwenda kwa binti. Binti alikuwa ameketi gizani, na alimwambia maneno ambayo Bi Muhuri alinisimulia baadaye bila kumlaumu: "Niliambiwa amepokelewa, nikajua serikali imempeleka nyumba ya wazee. Nikashukuru, mama. Nisamehe. Nilishukuru." Kisha akavaa viatu, wakatafuta wote wawili Ijumaa nzima, mvua haijakatika. Huko ukumbini tulimwandika Bi Muhuri "hayupo", akakosa cheti. Na alasiri hiyo, kwa makofi, wote tukapitisha maana mpya ya pamoja ianze kutumika siku ileile: AMEPOKELEWA ni mtu aliye mikononi mwa afisa au ndugu anayewajibika naye.

Walitafuta kila mahali isipokuwa gerezani. Nani akitoka anarudi?

Jumamosi asubuhi kikosi cha bustani kilitolewa nje. Kilikuwa hakijatoka tangu Jumatano, kwa kuwa wasimamizi wake nao walikuwa semina. Wafungwa kumi na wawili walikwenda nyuma ya ukuta, upande wa mfereji, wakachuchumaa kama kawaida kabla ya kazi. Askari akahesabu: kumi na tatu. Akatukana, akahesabu upya. Kumi na tatu. Katika gereza lile hesabu iliwahi kupungua, lakini kuzidi ilikuwa mara ya kwanza. Akamgusa wa mwisho kwa rungu, naye akaanguka ubavu, mikono bado juu ya magoti. Geti lilipofunguliwa Alhamisi, Mzee Kesho hakuwa amekwenda popote. Alizunguka ukuta, akafika mahali alipochuchumaa na kikosi cha bustani miaka kumi na tisa, akangoja ahesabiwe aingizwe ndani. Alingoja siku mbili kwenye mvua. Barabara ya watumishi inapita hapo, na askari wawili walikiri walimwona, wakadhani ana msimamizi wake.

Chumba cha maiti nilikwenda kwa sababu ofisi ilinituma. Uso ulikuwa umeharibika, na binti hakumjua vizuri hata angekuwa mzima. Bi Muhuri alifunua shuka mpaka kiunoni, akaugusa uzi wa buluu. "Ndiye," akasema.

Mhudumu akafungua daftari. "Nani anapokea mwili?"

Binti alirudi nyuma mpaka mlangoni. "Siwezi," akasema, akalia kwa mara ya kwanza. Mhudumu akanitazama mimi. Ukutani palikuwa na tangazo la jinsi ya kunawa mikono, nikalisoma lote.

"Andika mimi," Bi Muhuri akasema.

"Aliyekuwa mfungwa anataka muhuri wa ofisi, mama."

Akaufungua kiunoni, akaupuliza kama alivyozoea, akagonga: AMEPOKELEWA.

Baada ya mwezi likakaa jopo la uchunguzi, watu watatu na chupa za maji. Probesheni tulieleza kwamba tuliandika neno kwa maana yetu ya zamani, na tulikuwa sahihi. Ustawi wakaeleza kwamba jalada kweli liliingia masjala, wakalileta, nao walikuwa sahihi. Kwa kugonga mapema Bi Muhuri angepata onyo la tatu tu. Lakini mwenyekiti wa jopo akatoa nakala ya daftari la chumba cha maiti. Hapa, akasema, tarehe ni Jumamosi, siku moja baada ya maana mpya kuanza. Afisa huyu, kwa hiari yake, amethibitisha kwa muhuri kwamba marehemu yuko mikononi mwake na yeye ndiye anayewajibika naye. Hakuna mwingine aliyethibitisha hivyo.

Akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Muhuri huu ni wake?"

Palikuwa na mambo mengi ya kusema. Kikapu, funguo, wimbo. Aliniuliza muhuri tu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wake."

Walimfukuza kazi siku hiyo hiyo, imebaki miezi mitatu. Aliukata muhuri kwenye kamba, akauweka mezani taratibu usilie. Alipopita kwenye kiti changu akasimama. Nilijikaza ningoje tusi, na Mungu anajua nililitaka.

"Kile kikapu," akasema, "ulimrudishia mpishi?"

"Nilimrudishia, mama."

"Vizuri," akasema. "Kitu cha mtu kirudi kwa mtu."

Akatoka, akichechemea na ule mguu wake. Kikapu sijakirudisha mpaka leo. Kiko chini ya meza yangu ofisini, natilia karatasi chafu.